Karnataka 2023: BJP iliongeza kura, ikapoteza viti 38

Mwaka 2018 chama cha BJP, cha Waziri Mkuu wa India Narendra Modi, kilipata kura milioni 13.3 katika uchaguzi wa bunge la jimbo la Karnataka, kusini mwa India, kikaondoka na viti 104. Miaka mitano baadaye, Mei 2023, kilipata kura milioni 14.1. Kura ziliongezeka kwa zaidi ya laki saba na nusu. Viti vikabaki 66.

Habari iliyosambaa tarehe 13 Mei, siku ya matokeo, ilikuwa kwamba wananchi wa Karnataka wameikataa BJP iliyokuwa ikitawala jimbo, na Congress, chama cha upinzani, imefufuka. Mshindi kweli alikuwepo: Congress ilipata viti 135 kati ya 224, na 113 vingetosha kuunda serikali. Lakini anayetaka kuelewa kilichotokea asianzie kwenye viti. Aanzie kwenye kura, kisha ashuke hadi wilayani, maana uchaguzi huu uliamuliwa huko. BJP ilikuwa na asilimia 36.35 ya kura mwaka 2018. Mwaka 2023 ilikuwa na asilimia 36. Congress ilipanda kutoka 38.14 hadi 42.88. Aliyeporomoka ni wa tatu, Janata Dal (Secular), yaani JD(S), chama cha waziri mkuu wa zamani wa India H. D. Deve Gowda. Chenyewe kilishuka kutoka asilimia 18.3 hadi 13.29, na viti vyake kutoka 37 hadi 19.

JD(S) ilipoteza asilimia tano, Congress ikapata karibu tano. Ni rahisi kuhitimisha kwamba kura zilitoka mfuko mmoja zikaingia mwingine, na BJP ikabaki ikitazama. Wachambuzi wengi waliishia hapo. Walikosea, kwa sababu BJP haikusimama pale pale hata kidogo. Ilipoteza kura kaskazini, ikapata nyingine kusini. Jumla ikawa ile ile, lakini za kaskazini zilikuwa zinaleta viti na za kusini hazikuleta.

Tuelewane kuhusu maneno. Ninaposema "jimbo" namaanisha Karnataka nzima, yenye watu milioni 61 kwa sensa ya 2011. Sehemu inayochagua mbunge mmoja nitaiita "eneo bunge", kama wanavyosema Kenya. Mkuu wa serikali ya jimbo nitamwita Waziri Kiongozi, cheo ambacho Zanzibar ilikuwa nacho hadi 2010.

Kura zilizozidi na kura zilizopungua

Wabunge wa Karnataka wanapatikana kwa utaratibu tunaoujua Kenya na Tanzania: eneo bunge moja, kiti kimoja, mwenye kura nyingi kuliko wenzake anakichukua hata kama hakufika nusu. Wa pili anarudi nyumbani mikono mitupu. Katika utaratibu huu chama kinaweza kupoteza kura zake kwa njia mbili, ama kwa kushinda kupita kiasi, ama kwa kushindwa kidogo kidogo kila mahali.

Kanakapura, kusini mwa Bengaluru, D. K. Shivakumar, mwenyekiti wa Congress jimboni, alipata kura 143,023. Aliyemfuata, wa JD(S), alipata 20,631. Tofauti ni 122,392. Siku hiyo hiyo huko Jayanagar, ndani ya jiji la Bengaluru, C. K. Ramamurthy wa BJP alipata 57,797 na Sowmya Reddy wa Congress 57,781. Tofauti ni kura 16. Kanakapura ilitoa kiti kimoja, Jayanagar ikatoa kiti kimoja.

Na Jayanagar haikuwa peke yake. Gandhi Nagar ya Bengaluru, Dinesh Gundu Rao wa Congress alipona kwa kura 105. Sringeri, Congress ilishinda kwa 201. Malur, kwa 248. Ukijumlisha tofauti za maeneo bunge haya manne unapata kura 570, chini ya wapiga kura wa kituo kimoja kikubwa, kwa kuwa wakati huo kituo cha India kiliruhusiwa hadi wapiga kura 1,500.

Kusini: BJP inamjengea mwenzake nyumba

Ukanda wa kusini huitwa Mysuru ya Kale. Ni nchi ya miwa na mpunga, na jamii yenye nguvu huko ni Vokkaliga, wakulima wenye ardhi. Kwa miongo mingi ushindani ulikuwa kati ya Congress na JD(S), BJP ikiwa mtazamaji. Mwaka 2023 BJP iliamua kuingia kwa kishindo. Machi mwaka huo Narendra Modi mwenyewe alikwenda Mandya kufungua barabara kuu mpya ya Bengaluru hadi Mysuru. Wagombea wenye majina walipelekwa kupigana na vigogo: V. Somanna, waziri wa jimbo, alitolewa Bengaluru akapangwa Varuna kumkabili Siddaramaiah wa Congress, aliyewahi kuwa Waziri Kiongozi, akapewa na Chamarajanagar kama akiba. Akashindwa kote kuwili. R. Ashoka alipelekwa Kanakapura, akashika nafasi ya tatu na kupoteza dhamana yake, ambayo hurudishwa tu kwa mgombea aliyefikisha moja ya sita ya kura halali.

Kura za BJP ziliongezeka kusini. Ila tazama zilitoka kwa nani. Katika wilaya ya Mandya, JD(S) ilichukua viti vyote saba mwaka 2018. Mwaka 2023 Congress ilipata vitano, JD(S) kimoja, na cha saba, Melukote, kikaenda kwa Darshan Puttannaiah wa chama cha wakulima, aliyeungwa mkono na Congress. BJP haikupata hata kimoja. Hata Krishnarajpet, iliyoichukua kwa uchaguzi mdogo wa 2019, ilinyang'anywa na JD(S). Mpiga kura aliyekuwa wa JD(S) akahamia BJP alipunguza mpinzani halisi wa Congress bila kumpa BJP nguvu ya kushinda. Mahali penye pambano la watu wawili, mgombea wa tatu anayepanda hadi asilimia kumi au kumi na tano hajengi kwake, anajenga kwa mmoja wa wale wawili.

Kwa upande wa pili, JD(S) ilikuwa inavuja kuelekea Congress yenyewe. Sababu mbili zilifanya kazi pamoja. Shivakumar ni Mvokkaliga, na aliwaambia watu wake waziwazi kwamba nafasi ya kuwa Waziri Kiongozi iko mbele yake, wampe nguvu. Wengi walimsikia. Sababu ya pili iliwahusu Waislamu, nayo inahitaji maelezo.

Siku tano kabla ya tangazo

Karnataka hugawa kazi za serikali na nafasi za vyuo kwa makundi ya jamii zilizobaki nyuma. Waislamu walikuwa na fungu lao la asilimia 4, linaloitwa 2B. Tarehe 24 Machi 2023 baraza la mawaziri la Waziri Kiongozi Basavaraj Bommai wa BJP lilifuta fungu hilo, likaligawa nusu kwa nusu: asilimia 2 kwa Vokkaliga, asilimia 2 kwa Lingayat, jamii yenye nguvu kaskazini. Waislamu waliambiwa waende kushindania lile fungu la maskini wa jumla. Tarehe 29 Machi, siku tano tu baadaye, Tume ya Uchaguzi ilitangaza uchaguzi. Suala likafika Mahakama ya Juu, serikali ikaahidi kutotekeleza kwa wakati huo, na hadi siku ya kupiga kura hakuna kijana wa Kivokkaliga wala wa Kilingayat aliyekuwa amepata kazi kwa fungu jipya.

Ni uamuzi mbaya kwa haki, na hata kwa hesabu ya kura ulikuwa mbaya. Waliopewa hawakupokea kitu mkononi. Walionyang'anywa walijua hasa wamenyang'anywa nini. Hadi wakati huo Waislamu wa kusini waligawanyika kati ya Congress na JD(S), kila mahali wakitazama mgombea. Baada ya Machi 24 swali lao likawa moja: ni nani mwenye nguvu ya kuiondoa serikali hii? JD(S) haikuwa jibu, hasa kwa kuwa ilishawahi kutawala pamoja na BJP mwaka 2006 na kila mtu alijua inaweza kurudia. Kura zikajikusanya kwa Congress.

Kosa la aina hiyo hiyo lilifanyika kwa Wadalit, jamii za tabaka la chini zilizokuwa zikiitwa "zisizoguswa". Kwanza serikali ya Bommai ilipandisha fungu lao kutoka asilimia 15 hadi 17, na la makabila asilia kutoka 3 hadi 7. Hilo lingeweza kuvuna kura. Halafu Machi ile ile ikapendekeza kulikata lile la 17 vipande vipande: 6 kwa kundi moja, 5.5 kwa jingine, 4.5 kwa Wabanjara, Wabhovi na wenzao, na 1 kwa waliosalia. Wabanjara waliona wamepunjwa. Tarehe 27 Machi umati wao ulirusha mawe kwenye nyumba ya B. S. Yediyurappa huko Shikaripura, mwanasiasa ambaye hata hakuwa tena Waziri Kiongozi. Katika viti 36 vilivyotengwa kwa Wadalit, Congress ilipata 21, BJP 12, JD(S) 3. Katika viti 15 vya makabila asilia, yale yale yaliyoongezewa fungu, Congress 14, JD(S) 1. BJP haikupata kitu.

Kaskazini, penye viti

Nguvu ya BJP Karnataka ilijengwa kaskazini, kwa jamii ya Lingayat, na aliyeijenga ni Yediyurappa. Aliondolewa kwenye uwaziri kiongozi Julai 2021, akajiuzulu huku akitokwa na machozi mbele ya watu. Bommai aliyemrithi ni Mlingayat pia, lakini kuwa wa jamii fulani na kuwa kiongozi wa jamii hiyo ni vitu viwili tofauti.

Wakati wa kugawa tiketi, Aprili 2023, BJP iliwanyima wabunge wake wengi ili kuleta sura mpya. Miongoni mwa walionyimwa alikuwa Jagadish Shettar, aliyewahi kuwa Waziri Kiongozi, na Laxman Savadi, aliyewahi kuwa naibu. Wote wawili walihamia Congress ndani ya siku chache. Savadi akashinda Athani kwa zaidi ya kura 76,000. Shettar akashindwa katika ngome yake ya Hubballi kwa zaidi ya 34,000. Matokeo haya mawili hutumiwa na kila mtu kuthibitisha anachotaka. Savadi alikwenda na watu wake wa kijijini na vyama vya ushirika. Shettar alikuwa mbunge wa mjini, ambako mpiga kura wa BJP humpigia BJP. Kwa hiyo si sahihi kusema Walingayat walihama kwa jumla. Wengi walibaki. Lakini chama kinachoshinda kwa kura elfu tano hapa na elfu nane pale hakihitaji kuachwa na jamii nzima ili kianguke. Kinahitaji mmoja kati ya kumi abaki nyumbani au apige upande wa pili.

Wilaya ya Haveri inaonyesha vizuri. Ni nyumbani kwa Bommai, viti sita. Mwaka 2018 BJP ilipata vinne. Mwaka 2023 Congress ilichukua vitano, na cha sita, Shiggaon, kikabaki kwa Bommai mwenyewe. Belagavi, wilaya ya viti 18, ilikuwa BJP 10 na Congress 8. Ikageuka Congress 11 na BJP 7. Ukanda mzima wa kaskazini magharibi, unaoitwa Kittur Karnataka, ulitoa viti 33 kwa Congress kati ya 50, BJP 16. Kaskazini mashariki, Kalyana Karnataka, Congress ilipata 26 kati ya 41, BJP 10. Huko ndiko anakotoka Mallikarjun Kharge, Mdalit aliyechaguliwa rais wa Congress kitaifa Oktoba 2022. Wilaya yake ya Kalaburagi iliipa Congress viti saba kati ya tisa.

Pwani ilibaki na BJP, viti 13 kati ya 19, kwa hiyo wanaosema siasa ya dini ilikataliwa jimbo zima wanaruka ukweli huu. Hata hivyo huko nako kuna eneo bunge la kutazamwa kwa karibu. Puttur ni ngome ya BJP. Mtu wa mrengo huo huo wa Kihindu, Arun Kumar Puthila, alinyimwa tiketi akagombea kama huru. Alipata kura zaidi ya 62,000. Mgombea rasmi wa BJP alipata zaidi ya 37,000, akawa wa tatu. Pamoja ni karibu laki moja. Ashok Kumar Rai wa Congress alishinda akiwa na kura 66,000 na ushei. Wasomaji wa Kenya wanaokumbuka michujo iliyozaa wagombea huru wataielewa Puttur bila kufasiriwa.

Kwa nini viti 113 havikutosha

Congress iliomba wapiga kura waipe viti 150, na ilieleza sababu. Mwaka 2018 BJP ilikuwa na viti 104 bila wengi wa kutosha. Yediyurappa aliapishwa tarehe 17 Mei, akajiuzulu tarehe 19 kabla ya kura ya imani. Congress na JD(S) wakaunda serikali chini ya H. D. Kumaraswamy. Ikadumu miezi kumi na minne.

Iliangushwa kwa ustadi wa kisheria. India ina sheria tangu 1985 inayomvua kiti mbunge anayekihama chama chake au kukaidi amri ya chama bungeni, isipokuwa theluthi mbili ya wabunge wa chama wakubali kuungana na chama kingine. Njia ya kuizunguka ni hii: mbunge hahami, anajiuzulu. Wakijiuzulu wa kutosha, idadi ya bunge inapungua, na chama cha pili kinakuwa na wengi bila kuongeza mtu. Kisha waliojiuzulu wanagombea upya kwa tiketi ya chama kipya. Karnataka wanaiita Operesheni Kamala, yaani Operesheni Yungiyungi, kwa alama ya BJP. Julai 2019 serikali ya Kumaraswamy ilishindwa kura ya imani kwa 99 dhidi ya 105. Spika aliwaondoa wabunge 17. Mahakama ya Juu ikakubali wameondolewa kihalali, lakini ikawaruhusu kugombea. Uchaguzi mdogo wa Desemba ulihusu viti 15, BJP ikachukua 12. Tanzania nayo iliona mwaka 2017 na 2018 wabunge wa upinzani wakijiuzulu, kuhamia chama tawala na kurudi bungeni kwa uchaguzi mdogo, kwa hiyo mbinu hii si ngeni kwetu.

Hesabu yake ni rahisi. Chama chenye viti 115 kinaangushwa kwa kuwavuta watu wachache. Chenye 135 kinahitaji kupoteza zaidi ya arobaini ndipo kilicho nyuma kipumue. Wapiga kura wa Karnataka walijua wanachokifanya walipotoa ushindi mpana, na hilo linastahili heshima kuliko linavyopewa.

Kadi tano mlangoni

Congress iligawa nyumba kwa nyumba kadi za ahadi zilizosainiwa na Siddaramaiah na Shivakumar. Umeme bure hadi uniti 200 kwa mwezi. Rupia 2,000 kila mwezi kwa mwanamke mkuu wa kaya. Kilo kumi za mchele kwa kila mtu wa kaya maskini. Rupia 3,000 kwa mhitimu wa shahada asiye na kazi na 1,500 kwa wa diploma. Mabasi ya jimbo bure kwa wanawake. Wakati huo mtungi wa gesi ya kupikia ulikuwa umevuka rupia 1,100. Serikali ya Bommai ilikuwa inaandamwa na tuhuma, iliyozikana, kwamba miradi ya umma inatozwa asilimia 40 ya mlungula. Chama cha makandarasi kilimwandikia barua Modi kuhusu jambo hilo mwaka 2021. Aprili ikaja habari kwamba maziwa ya Amul ya Gujarat yanaingia Bengaluru, soko la Nandini, ushirika wa wafugaji wa Karnataka, na wafugaji wakachukia. Zikiwekwa pamoja, kadi iliongea lugha ya jikoni, na mwenye jiko aliielewa.

Utekelezaji ulionyesha nyufa ambazo anayeiga ahadi hizi azitazame. Mabasi yalianza Juni 2023: bure ni kwa mabasi ya kawaida ndani ya jimbo tu, si ya kifahari. Umeme haukuwa uniti 200 kwa kila mtu. Kila nyumba ilipewa wastani wake wa mwaka uliopita na nyongeza ya asilimia 10, na anayevuka 200 hulipa ankara yote. Kwa hiyo aliyekuwa akitumia uniti 60 hakupata 200, alipata 66. Mchele ulikwama papo hapo. Serikali kuu, iliyo chini ya BJP, ilisitisha kuyauzia majimbo mchele wa ghala la taifa, na Karnataka ikalazimika kulipa fedha badala ya kilo tano za nyongeza, rupia 34 kwa kilo, yaani 170 kwa mtu kwa mwezi. Gharama ya ahadi zote tano ilikadiriwa rupia bilioni 520 kwa mwaka, ndani ya bajeti ya trilioni 3.27. Ni karibu moja ya sita ya bajeti nzima. Fedha hizo zinatoka mahali fulani, na wabunge wa Congress wenyewe walianza kulalamika kwamba barabara za maeneo yao hazina fungu.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaoziita rushwa. Mwanamke anayefua nguo za watu Bengaluru na kulipa nauli mara mbili kwa siku aliongezewa mshahara siku basi lilipokuwa bure.

Kura 16 zilivyohesabiwa

Kuna fahari ya nyumbani katika uchaguzi wa Karnataka: wino unaopakwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kote India hutengenezwa Mysuru, na kiwanda cha serikali ya jimbo, tangu 1962. Mashine nazo hutengenezwa na kampuni mbili za umma, moja ikiwa Bharat Electronics ya Bengaluru.

Mashine ina sehemu tatu. Kitengo cha kura chenye vitufe, nafasi 16 kwa kila kitengo pamoja na kile cha "hakuna hata mmoja". Kitengo cha udhibiti kinachokaa kwa msimamizi. Na printa yenye kioo inayoonyesha karatasi ya alama ya chama kwa sekunde saba kabla ya kuidondosha sandukuni. Asubuhi kabla ya kuanza, mawakala hupiga kura za majaribio zisizopungua 50, huzihesabu, kisha lazima zifutwe. Hapo ndipo makosa mengi hutokea: msimamizi akisahau kufuta, jumla ya mashine haitalingana na daftari jioni. Kituo kikifungwa kila wakala hupewa nakala ya fomu 17C yenye idadi ya kura zilizopigwa. Wakala asiyeichukua hana cha kulinganisha siku ya kuhesabu. Mwisho, printa tano kwa kila eneo bunge huchaguliwa kwa bahati nasibu na karatasi zake huhesabiwa kwa mkono.

Jayanagar haikuamuliwa na mashine. Iliamuliwa na bahasha za posta, zinazotumiwa na watumishi walio kazini siku hiyo na, katika uchaguzi ule, wazee wa miaka 80 kwenda juu na wenye ulemavu waliopigia nyumbani. Bahasha hukataliwa kwa kasoro ndogo: tamko halijasainiwa, namba ya karatasi hailingani, afisa hajathibitisha. Kanuni inasema tofauti ya washindani ikiwa ndogo kuliko idadi ya bahasha zilizokataliwa, zote zipitiwe tena. Zikapitiwa hadi usiku. Congress iliyokuwa ikiongoza ikajikuta nyuma, ikapinga nje ya kituo, na jumla yake ikashuka kutoka 136 hadi 135.

Kisha JD(S) ikahama

Septemba 2023 JD(S) iliingia rasmi katika muungano na BJP. Katika uchaguzi wa bunge la taifa wa 2024, Congress ilipata Karnataka asilimia 45.4 ya kura, zaidi ya ile 42.88 iliyoipa ushindi mkubwa mwaka mmoja kabla. Ikapata viti 9 kati ya 28. BJP ilipata 17 na JD(S) 2. Congress ilipanda, ikashindwa, kwa kuwa wapinzani wake waliacha kugawana. Uchaguzi wa taifa una mvuto wake, Modi akiwa kwenye kinyang'anyiro, kwa hiyo tarakimu hizi si za kulinganishwa moja kwa moja. Bado zinathibitisha kwamba zile asilimia 13 za JD(S) ndizo zilizoshika mizani.

Halafu Novemba 2024 ukaja uchaguzi mdogo wa Channapatna, katikati ya nchi ya Vokkaliga. Nikhil Kumaraswamy, mjukuu wa Deve Gowda, alisimama kwa niaba ya JD(S) na BJP pamoja. C. P. Yogeshwara, aliyekuwa BJP wiki chache tu kabla, alisimama kwa Congress. Congress ikashinda kwa zaidi ya kura 25,000. Kwenye karatasi, kura za washirika wawili zilitosha kushinda kwa urahisi. Uwanjani, aliyekuwa na watu alihama nao.

Bunge la sasa la Karnataka linamaliza muda wake 2028. Tangu 1985 hakuna chama kilichorudishwa madarakani huko. Congress itategemea mambo mawili ambayo haina udhibiti kamili juu yake: kama Shivakumar na Siddaramaiah, waliovutana siku kadhaa kabla ya Siddaramaiah kuapishwa tarehe 20 Mei 2023, watafika huko wakiwa pamoja, na kama BJP na JD(S) watakubaliana ni nani asimame Mandya.